Programu ya Kupangia Kazi: Chagueni kwa Simu ya Fundi, Si kwa Laptopu ya Mwenyekiti

Wanaoniuliza swali hili ni watu wa aina tatu: viongozi wa vyombo vya maji vya vijijini, wajumbe wa kamati za ujenzi wa madarasa, na vijana wenye vikundi vya kununua na kuuza mahindi. Wapo huku Handeni, yaani Sindeni, Misima na Kwamatuku, wapo mpaka Korogwe mjini. Swali lao ni moja: "Tutajie programu nzuri ya kupangia kazi za timu yetu ndogo."

Majina nitayataja, ila mbele kidogo. Ukilichukua jina sasa hivi ukakimbilia kupakua, mwezi hautaisha kabla hamjarudi kwenye kundi lenu la WhatsApp, safari hii mkiwa mmechoka na mmegombana.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kile ambacho wengi tunakiita CBWSO kwa sababu jina lake refu halimaliziki. Vyombo hivi vipo chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, ile ile iliyoianzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini. Timu yake ni ndogo: mwenyekiti, katibu, mhasibu, fundi, mwendesha mtambo, na wale wanaokaa kwenye vilula. Na kazi zake hazisubiri kikao. Handeni hakuna asiyejua maana ya kilula kukauka siku tatu.

## Kwanza, mnaihitaji kweli?

Kama mko wanne, mnakaa chumba kimoja, na mnaonana kila asubuhi, nunueni ubao mweupe na kalamu zake. Andikeni kazi, jina la mtu na siku ya mwisho. Makala hii mnaweza kuiacha hapa.

Programu inaanza kuwa na faida mnapoona dalili hizi:

- Kazi moja inafanywa na watu wawili bila kujuana, au haifanywi na yeyote kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake anayo.
- Mtu akisafiri, kazi zake zinasafiri naye.
- Mkiulizwa na diwani au ofisa wa RUWASA "lile bomba mlilitengeneza lini?", mnaanza kupandisha ujumbe wa WhatsApp kwa kidole.
- Mna vituo viwili au zaidi vya kazi, na fundi yuko barabarani muda mwingi kuliko ofisini.

Hiyo dalili ya tatu ndiyo kubwa. Kundi la WhatsApp linafikisha habari haraka sana, na sisemi mlifute. Tatizo ni kwamba halikumbuki nani anadaiwa kazi gani. Saa moja asubuhi mtu anaandika: "Bomba limepasuka karibu na shule." Wa pili anajibu "Sawa." Wa tatu anatuma tangazo la msiba. Zinafuata pole ishirini na tano, kisha video ya mahubiri, kisha picha ya mtoto aliyemaliza darasa la saba. Kufika saa sita lile bomba limezikwa, na yule aliyeandika "Sawa" hakuwa fundi.

## Andikeni kazi zenu karatasini

Hatua hii wengi wanairuka, ndiyo maana wanachagua vibaya. Chukueni daftari, na kwa wiki moja kila kazi inayoingia iandikwe, hata ndogo. Kwa chombo cha maji daftari litakuwa na mambo kama haya:

- Tarehe 3: koki ya kilula cha sokoni inavuja. Fundi. Ikamilike tarehe 4.
- Tarehe 3: luku ya mtambo imebaki kidogo. Mhasibu. Leo.
- Tarehe 5: kusoma mita za kaya upande wa juu. Vijana wawili. Mpaka tarehe 8.
- Tarehe 6: taarifa ya robo mwaka kwa kijiji. Katibu. Mwisho wa mwezi.

Wiki ikiisha, kaeni mjiulize maswali machache. Kazi zetu nyingi ni za dharura au za kupangwa? Zipo zinazojirudia kila mwezi? Ipo kazi inayongoja nyingine iishe kwanza? Je, tunahitaji picha kama ushahidi?

Majibu hayo ndiyo orodha yenu ya mahitaji. Kamati ya ujenzi wa darasa kwa utaratibu wa force account itapata orodha tofauti kabisa, maana kwao kazi zinafuatana: msingi, ukuta, lenta, paa. Kamati ya mapokezi isipokagua saruji, fundi hajengi. Wao wanahitaji kuona nini kinangoja nini. Chombo cha maji kinahitaji zaidi kuona nini kimechelewa. Programu inayofaa kwa wale si lazima ifae kwa hawa.

## Kipimo ni simu dhaifu kuliko zote

Kikao cha kuchagua programu kikifanyika, mwenye sauti huwa ni mwenye laptopu. Anafungua kioo kikubwa, anaonyesha rangi na michoro, watu wanapiga makofi. Mwenye kuitumia programu ile kila siku ni fundi, na simu yake imepasuka kioo, imejaa picha, na ina bando la siku.

Kwa hiyo shikeni simu ya fundi kwanza, mjaribu haya:

1. Pakueni programu. Ikikataa kwa kukosa nafasi, jibu mmelipata.
2. Zimeni data. Andikeni kazi tatu mpya, na moja ya zamani muiwekee alama kwamba imekwisha.
3. Mtu wa pili naye afanye hivyo hivyo kwenye simu yake, kwa kazi ile ile.
4. Washeni data wote wawili. Tazameni: yote yameingia? Au la mmoja limelifuta la mwenzake?
5. Hesabuni vidole. Kuweka alama kwamba kazi imekwisha kunahitaji kugusa mara ngapi? Zikizidi tatu au nne, fundi mwenye mikono ya grisi hatafanya.
6. Angalieni bando kabla na baada.

Hatua ya nne msiiache. Ukitoka kwenye lami ya Korogwe–Handeni ukaingia vitongojini, mtandao unakuja na kuondoka. Programu isiyofanya kazi bila intaneti itakuwa ya watu wa ofisini tu.

Na mwenye kitochi? Msimtenge wala msimlazimishe kununua simu janja. Mpangieni mtu: kila jioni katibu anampigia, anamuuliza kazi zake tatu, anaziingiza yeye. Hiyo nayo ni sehemu ya mfumo, iandikeni kwenye utaratibu wenu.

## Sasa majina

WhatsApp ikitumiwa kwa adabu. Fungueni kundi la pili la kazi tu, ambamo maadmini peke yao ndio wanaandika. Ujumbe unaweza kubandikwa juu ya kundi kwa saa 24, siku 7 au siku 30, kwa hiyo kila Jumatatu katibu anabandika orodha ya kazi za wiki. Kwa timu yenye kazi chache hii inatosha, na haina gharama mpya.

Google Sheets. Ushauri wangu kwa timu nyingi za huku ni kuanzia hapa. Ni jedwali tu: safu ya tarehe, kazi, mahali, mhusika, mwisho lini, imefikia wapi. Ni bure, inafunguka kwenye simu, na kwenye simu unaweza kuliweka faili lifanye kazi bila mtandao. Lakini lazima uliruhusu hilo mapema ukiwa na mtandao, kwa kila simu. Ubaya wake: haimkumbushi mtu yenyewe, na mtu mmoja akiteleza kidole anaweza kufuta mstari. Fungeni safu ambazo hazipaswi kuguswa, na mjue kwamba historia ya mabadiliko ipo, unaweza kurudisha ya jana.

Trello. Hii ni ubao wenye orodha, na ndani ya orodha kuna kadi. Kazi ni kadi. Ikianza unaisogeza kutoka "Zinazongoja" kwenda "Zinaendelea", ikiisha unaipeleka "Zimekwisha". Utaratibu wenyewe ni wa Kijapani, ulikuwa kwenye viwanda vya Toyota miaka mingi kabla ya simu hizi. Nyie mtaandika majina ya orodha na kadi kwa Kiswahili, na picha ya bomba lililotengenezwa inabandikwa kwenye kadi yake. Toleo la bure lina kikomo cha watu 10 kwa timu, kikomo kilichowekwa 2024. Timu ndogo inatosha humo.

Asana, ClickUp, Jira na jamaa zao. Zina nguvu, na kuna mashirika makubwa yanayozihitaji. Jira hasa ilikuzwa na watu wanaotengeneza programu za kompyuta. Kwa watu watano wa chombo cha maji ni kukodi fuso kubeba debe moja la mahindi.

KoboToolbox. Naitaja kwa sababu wengi mmeiona kwa watafiti wanaokuja na vishkwambi. Ni ya kukusanya taarifa kwa fomu, na kwa hilo ni nzuri sana, hata bila mtandao. Kupanga kazi za timu si shughuli yake.

Msichanganye haya na mifumo ya serikali. NeST ni ya manunuzi ya umma, FFARS ni ya fedha za vituo kama shule na zahanati, MUVU ni ya vyama vya ushirika. Kama mnatakiwa kuitumia, mtaitumia, na programu ya kupangia kazi haichukui nafasi yake. Wala haichukui nafasi ya vitabu vya fedha na risiti.

## Kuhusu bei

Programu nyingi za kulipia zinatoza kwa kichwa, kwa mwezi, kwa dola. Tangazo linasema dola 10 na watu wanasema "rahisi hiyo". Pigeni hesabu: dola 10 mara watu 6 mara miezi 12 ni dola 720. Tukichukulia dola kwa shilingi 2,600, ni shilingi 1,872,000 kwa mwaka, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pale inapotozwa. Chombo cha maji kinanunua viungio vingi vya bomba kwa pesa hiyo.

Ulizeni pia haya:

- Tukiongeza mtu mmoja bei inakuwaje? Kuna matoleo ya bure ambayo mtu wa 11 akiingia, timu nzima inafungiwa kuhariri mpaka mlipe.
- Malipo yanafanywa kwa kadi ya nani? Kadi ya binafsi ya mwenyekiti isiwe jibu.
- Tukishindwa kulipa mwezi mmoja, taarifa zetu tutazisoma?

Kama kikundi chenu kinatumia mkopo wa asilimia 10 za halmashauri (nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu), sioni sababu ya shilingi hata moja ya mkopo huo kwenda kwenye programu ya kupanga kazi. Anzeni na za bure.

## Akaunti ni ya nani?

Hapa ndipo timu nyingi zinaumia, na mara nyingi si kwa ubaya wa mtu. Kijana mwenye kujua kompyuta anafungua kila kitu kwa barua pepe yake, kwa nia njema. Mwaka unaofuata anapata ajira Dodoma. Nywila ameisahau, namba ya simu ya kurejesha akaunti ni laini aliyoitupa, na laini isiyotumika muda mrefu namba yake hupewa mtu mwingine. Miaka miwili ya kazi imefungiwa mle ndani.

Fanyeni hivi tangu siku ya kwanza:

- Fungueni barua pepe ya ofisi, kwa jina la chombo au kikundi.
- Namba ya kurejesha akaunti iwe ya laini ya ofisi inayotumika.
- Maadmini wawe wawili, wasiotoka nyumba moja.
- Nywila iandikwe, iwekwe kwenye bahasha, ikae na hati nyingine za ofisi. Ndiyo, karatasi. Kwenye kundi la WhatsApp isitumwe kamwe.
- Mtu akiondoka, siku hiyo hiyo aondolewe kwenye programu, na makabidhiano yaandikwe.
- Akaunti iingiwe mara kwa mara. Google huweza kuifuta akaunti ambayo haijaguswa kwa miaka miwili.

Kuna jambo la pili, la taarifa za watu. Mkiandika "Mama fulani, namba hii, anadaiwa bili ya miezi minne" kwenye jedwali lenye kiungo kilicho wazi kwa yeyote, mmelitangaza deni lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inawahusu hata nyie mlio kijijini. Kwenye ubao wa kazi andikeni namba ya mita. Jina na deni vikae kwa mhasibu.

Na la tatu, yule fundi wa kompyuta anayekuja na maneno "nitawatengenezea mfumo wenu wenyewe". Huenda ni mtu safi. Lakini kabla ya kutoa malipo ya awali muulizeni: ukiugua nani ataufungua? Taarifa zetu tutazitoaje? Nywila kuu itakaa kwa nani? Akisema "msijali", nyie jalini.

## Majaribio ya wiki mbili

Msizindue programu kwa mradi mzima. Chukueni eneo moja, kwa mfano matengenezo ya vilula tu.

Wiki ya kwanza, kazi ziingizwe kwenye daftari na kwenye programu pia. Itachosha, lakini mtaona kipi kinasahaulika wapi. Wiki ya pili daftari lipumzike. Jumatatu mkutane kwa robo saa, programu ikiwa imefunguliwa mbele yenu, mpite kazi moja moja: nani, imefika wapi, imekwama kwa nini. Mwisho wa wiki ya pili muulizeni fundi kwanza, mwenyekiti mwisho. Mkianza na mwenyekiti, fundi atakubaliana naye kwa heshima tu na hamtajua ukweli.

Kama nusu ya timu haijafungua programu tangu Jumatano, msiwalaumu. Punguzeni safu, au badilisheni programu.

## Makosa ninayoyaona sana

- Kuweka safu kumi na tano. Sita zinatosha kuanzia.
- Kuandika "wote" kwenye nafasi ya mhusika. Kazi ya wote haina mwenyewe. Andikeni jina moja, wengine ni wasaidizi.
- Kazi isiyo na tarehe ya mwisho, au yenye neno "haraka". Kila kitu Handeni ni haraka msimu wa kiangazi.
- Mwenyekiti kuendelea kutoa maagizo kwa simu huku akiwataka wengine watumie programu. Akipiga, katibu amjibu kwa upole: "Sawa Mzee, naiingiza sasa hivi," na aiingize.
- Kuitumia programu kuwinda makosa ya watu. Siku fundi atakapoona kazi zake zilizochelewa zimesomwa mbele ya mkutano wa kijiji, ataanza kuandika kwamba kila kazi imekwisha.

## "Lakini sisi…"

*"Wazee wetu hawajui Kiingereza."* WhatsApp na Google zina Kiswahili kwenye mipangilio ya lugha. Kwenye Trello vitufe ni vya Kiingereza, ila vinavyotumika kila siku ni vichache. Mzee anayetuma pesa kwa simu bila kukosea namba atajifunza kusogeza kadi.

*"Umeme unakatika."* Ndiyo sababu nimesema simu, si kompyuta. Na kila Ijumaa katibu achapishe au aandike kwa mkono orodha ya kazi zilizo wazi, aibandike ukutani. Wananchi wakiisoma pale ofisini, si vibaya.

*"Na hiyo programu ikifungwa na wenyewe?"* Inatokea. Wunderlist ilipendwa na watu wengi duniani. Microsoft iliinunua 2015, na Mei 2020 ikafungwa moja kwa moja. Waliotoa taarifa zao mapema walihamia kwingine.

Kwa hiyo kabla ya kuamua, tafuteni kitufe cha kutoa taarifa kama faili la jedwali, mkibonyeze, mfungue faili hilo kwenye kompyuta nyingine. Likikataa kufunguka, au kitufe hakipo kwenye toleo la bure, iacheni programu hiyo hata kama ni nzuri. Likifunguka, wekeni utaratibu wa kulitoa kila mwisho wa mwezi, siku mhasibu anapofunga hesabu, na nakala ikae kwenye flashi kabatini kwake.